Je, Wajua? Albamu ya Kwanza Huweza Kuzaliwa Chumbani: Habari Zinazoanzia Langoni, Lamu

Vijana wengi wa pwani siku hizi hukaa kitako na udi au gita, wakaiweka simu juu ya meza na kurekodi nyimbo zao wenyewe, bila studio wala prodyuza. Muziki wa namna hii duniani huitwa lofai. Sauti yake haikusafishwa sana, mvumo wa tepu huachwa usikike, na chumba chenyewe huingia ndani ya wimbo. Wapo wanaodhani ni mtindo wa juzi, tena wa ughaibuni. Lakini pwani yetu ina historia ndefu ya kurekodi kwa uchache, na Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu, ni pahali pazuri pa kuanzia. Yafuatayo ni ya kumfaa yeyote anayeandaa albamu yake ya kwanza, na yeyote anayetaka nyimbo alizozipenda zimfikie mjukuu wake.

Mji mmoja, pande mbili

Je, wajua kwamba mji wa kale wa Lamu una pande mbili, Mkomani kaskazini na Langoni kusini, na kwamba pande hizi zimeshindana kwa ngoma na mashairi tangu zamani? Mkomani ndiko yaliko majumba mengi ya mawe ya koo za kale. Langoni walikaa wengi waliohamia baadaye, wakiwemo Wahadhrami, Wangazija na Wabajuni, na kwa muda mrefu nyumba zake nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza mji huu wa kale katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Ushindani wa nyimbo una mizizi mirefu zaidi ya hapo. Katika gungu, ngoma ya zamani ya Lamu na Pate, mwimbaji alitupa fumbo kwa beti, na aliyesimama upande wa pili alitakiwa alifumbue kwa beti vilevile. Watu walikwenda kusikiliza maneno kwanza, mdundo baadaye. Ndiyo sababu watafiti wa taarabu, wanapotafuta chanzo cha mashairi ya Kiswahili yaliyoimbwa kwa ala, huitaja Lamu mapema. Bendi inayotegemea sauti moja, ala mbili na maneno yaliyopimwa haijaanzisha jambo geni hapa.

Upana wa chumba uliamuliwa na mikoko

Je, wajua kwamba vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba kwa sababu ya mti? Dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti inayofaa kazi hiyo huvuka nafasi isiyozidi mita 3 hivi kutoka ukuta hadi ukuta. Fundi angeweza kukirefusha chumba apendavyo, lakini kukipanua hakuweza.

Kwa mtu anayerekodi, hili ni jambo kubwa. Kuta mbili ngumu zinazotazamana kwa karibu hurushiana sauti. Piga kofi moja katika chumba kitupu cha namna hiyo, nawe utasikia mlio mfupi ukitetemeka kabla haujafa. Zidaka, vile vishubaka vilivyochongwa katika lipu ya chokaa, hufanya kinyume chake: ukuta usio sawasawa huitawanya sauti badala ya kuirudisha moja kwa moja. Ongeza mkeka sakafuni, godoro lililosimamishwa ukutani na nguo zilizotundikwa, na chumba kitatulia.

Nyumba ya makuti ina tabia nyingine kabisa. Makuti yana matundu mengi madogo, kwa hiyo hunywa sauti na hayana mwangwi. Shida yake ni kwamba hayazuii kitu kutoka nje. Mtaa mzima huingia kwenye rekodi.

Mji wa punda

Je, wajua kwamba katika vichochoro vya mji wa kale punda na mkokoteni ndio wachukuzi, kwa kuwa gari haliwezi kupita humo? Mrekodi wa Lamu hapigani na honi za matatu wala breki za malori. Hupigana na punda anayelia uchochoroni, mashine ya boti inayopita mbele ya mji, na watoto wanaotoka chuoni. Adhana husikika mara tano kwa siku, na kwa heshima kazi husimama. Mwenye akili hupanga ratiba ya kurekodi kwa kufuata nyakati za sala, akatumia ule utulivu wa usiku baada ya Isha.

Langoni yenyewe: matari na nai

Je, wajua kwamba Msikiti wa Riyadha, unaojulikana pwani nzima kwa Maulidi yake, uko Langoni? Mwasisi wake ni Habib Swaleh Jamalulleil, mwanachuoni aliyetoka Visiwa vya Komoro. Maulidi yanayosomwa hapo ni ya Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Husomwa kwa qaswida, matari na nai, na hapo mwanzo baadhi ya wanazuoni walilipinga jambo hilo la kupiga matari. Leo, kila Mfungo Sita, wageni humiminika Lamu kutoka pwani yote ya Kenya, Tanzania na Komoro.

Tazama tari lenyewe kwa karibu. Ni duara la mti lililowambwa ngozi upande mmoja. Hewa ya bahari ina unyevu mwingi, ngozi huunywa, ikalegea, na mlio ukashuka. Wapigaji huliotesha motoni hadi ngozi ikaze tena. Kwa hadhara ya watu hilo ni jambo la kawaida. Kwa mwenye kurekodi ni onyo: akirekodi wimbo saa 3 usiku na kuurudia saa 5 bila kuliotesha tari, vipande viwili vile havitaungana, kwa kuwa tari la kwanza na tari la pili yatakuwa na milio tofauti. Udi na gita zina shida iyo hiyo kwa kiasi chake. Tyuni kabla ya kila wimbo, hata kama umetyuni dakika 10 zilizopita.

Mwana wa Lamu aliyesikika hadi Ulaya

Je, wajua kwamba mmoja wa wapigaji udi mahiri zaidi Afrika Mashariki, Zein l'Abdin Ahmed Alamoody, alizaliwa Lamu? Alihamia Mombasa, na huko kundi lake, Zein Musical Party, likawa jina linalotajwa kwa heshima katika harusi na vikao vya wapenzi wa mashairi. Mwaka 1990 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa albamu yake, *Mtindo wa Mombasa*. Alifariki mwaka 2016.

Zein alichagua maneno kama mtu anayechagua lulu. Aliimba tungo za washairi wakubwa, akiwemo Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyeishi kati ya 1927 na 2017 na kuitumikia lugha ya Kiswahili maisha yake yote. Msikilizaji wa Zein husikia silabi zote, kwa sababu udi hujibu pale sauti inaponyamaza na hauifuniki. Hili ni funzo ambalo halihitaji hata shilingi moja ya vifaa. Ala zikimpisha mwimbaji, maikrofoni ya bei nafuu hutosha.

Safari ya Bombay

Je, wajua kwamba Siti binti Saad wa Unguja alilazimika kuvuka Bahari ya Hindi ili sauti yake iingie kwenye santuri? Mwaka 1928 yeye na wenzake walipelekwa Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Miongoni mwa rekodi za kibiashara za mwanzo kabisa za Kiswahili ni hizo zao. Siti alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake.

Santuri za zama hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba dakika 3 hivi. Fikiria mwimbaji wa taarabu, aliyezoea kuurefusha wimbo kadiri wasikilizaji wanavyotunza, akiambiwa amalize kabla sindano haijafika katikati. Beti zilikatwa, au wimbo ukagawanywa pande mbili. Tunachokisikia leo ni kile kilichoenea kwenye sahani.

Utepe mwembamba kuliko kidole

Je, wajua kwamba kaseti, iliyoigeuza biashara ya muziki wa pwani, ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963? Utepe wake una upana wa milimita 3.81, na hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Kwa hiyo upande wa dakika 30 hutumia karibu mita 86 za utepe.

Ule mvumo wa "shhh" unaousikia nyuma ya wimbo una sababu yake. Utepe umepakwa chembechembe za sumaku, na zile chembe hazijipangi sawasawa kabisa hata pakiwa kimya. Utepe ukiwa mwembamba na wa mwendo mdogo, chembe zinazobeba kila sekunde ya sauti huwa chache, na mvumo ukazidi. Mashine za studio zilitumia utepe mpana uliokwenda kwa kasi, ndiyo maana zilisikika safi. Kwa mpenzi wa lofai, mvumo huo sasa ni sehemu ya ladha. Zipo hata programu za kuuongeza kwenye rekodi za kidijitali ambazo hazikuwa nao.

Duka la redio likawa studio

Je, wajua kwamba taarabu nyingi za Mombasa zilihifadhiwa na maduka? Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale wa Mombasa, ni mfano mzuri. Jina lake linakwambia lilikuwa duka la namna gani, lakini pia lilirekodi vikundi vya taarabu na kuuza kaseti zao. Mzuri, lebo nyingine ya Mombasa, ilitoa santuri ndogo. Harusini nako wapenzi walirekodi kwa mashine zao, na nakala zikapita mkono hadi mkono, kutoka Lamu hadi Tanga na kuvuka mpaka Omani na Ghuba.

Miaka mingi baadaye, mfululizo wa *Zanzibara* wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa, uliosimamiwa na mtafiti Werner Graebner, ulizirudisha rekodi hizo hadharani. Juzuu ya 2 imekusanya taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975, na juzuu ya 10 imekusanya ya Mombasa na Tanga ya 1970 hadi 1990. Mimi huzisikiliza kwa shukrani kubwa. Hakuna aliyejenga ukumbi wa kifahari ili nyimbo zile zipatikane. Kulikuwa na mwenye duka aliyebonyeza kitufe, akaitunza tepu yake na kukumbuka ni nani aliyeimba.

Albamu maarufu iliyotoka mfukoni

Je, wajua kwamba mwanamuziki mkubwa wa Marekani, Bruce Springsteen, alitoa albamu nzima kutoka kwenye kaseti aliyoibeba mfukoni bila kasha? Mwezi Januari 1982, katika nyumba aliyopanga Colts Neck, New Jersey, alikaa chumbani na gita, harmonika na maikrofoni 2 za Shure SM57. Mashine yake ilikuwa Portastudio 144 ya TEAC, iliyokuwa imeingia sokoni mwaka 1979.

Mashine ile inastahili kutazamwa kwa karibu. Kaseti ya kawaida ina njia 4 za sauti: 2 kwa upande A na 2 kwa upande B. Portastudio ilizitumia zote 4 kwa mwelekeo mmoja, tena kwa mwendo mara 2 ya kawaida, ili sauti iwe safi kidogo. Bei yake ilikuwa muda: kaseti ya dakika 60 ilibaki na dakika 15 tu. Unarekodi gita katika njia ya kwanza, unarudisha tepu nyuma, unaimba katika ya pili huku ukilisikiliza gita, kisha unaongeza ya tatu na ya nne. Ukitaka zaidi, unazihamisha 3 za mwanzo kwenda njia ya 4, na unapata 3 tupu za kuendelea. Lakini kila uhamisho huongeza mvumo, na kilichokwisha kuunganishwa hakitenganishwi tena.

Springsteen alikusudia kaseti ile iwe ya kuwaonyesha wenzake tu. Walipozirudia nyimbo studioni na bendi kamili, kitu fulani kilipotea. Mwishowe kaseti yenyewe ndiyo iliyogeuzwa kuwa santuri, ikaitwa *Nebraska*, ikatoka Septemba 1982. Kaseti ile ilikuwa imechanganywa kwenye redio kaseti ya Panasonic iliyokwisha kuingia maji.

Redio kaseti, Miami na nyumba ya msituni

Je, wajua kwamba wengine wengi wa muziki wa folki walianza hivyohivyo? John Darnielle wa The Mountain Goats alirekodi miaka yake ya kwanza mbele ya redio kaseti ya Panasonic, na mlio wa mota yake unasikika ndani ya nyimbo. Sam Beam, anayejiita Iron & Wine, alirekodi nyumbani kwake Miami, na mwaka 2002 lebo ya Sub Pop ikaitoa kazi hiyo kuwa albamu yake ya kwanza. Justin Vernon alikaa majira ya baridi ya 2006 hadi 2007 katika nyumba ya baba yake ya kuwindia, huko Wisconsin. Albamu aliyotoka nayo, *For Emma, Forever Ago*, aliitoa mwenyewe mwaka 2007 kwa jina la Bon Iver, kabla lebo ya Jagjaguwar haijaisambaza mwaka uliofuata.

Nairobi pia ina mfano wake, ingawa wa muziki wa kielektroniki. Just A Band, waliokutana wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walitengeneza wenyewe albamu yao ya kwanza, *Scratch to Reveal*, mwaka 2008. Miaka 2 baadaye video yao ya "Ha-He" ilimfufua Makmende, shujaa wa masimulizi ya mitaani, na Kenya nzima ikacheka pamoja nao.

Gita moja la Katanga

Je, wajua kwamba mojawapo ya rekodi za gita zilizoathiri wapigaji wengi zaidi Afrika ilifanywa na kijana mmoja wa Katanga kwa gita moja? Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka na mitambo ya kurekodia, alikutana na Mwenda Jean Bosco mjini Jadotville, mji unaoitwa Likasi leo. Hapo ndipo "Masanga" iliporekodiwa. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada pekee, lakini msikilizaji huapa kuwa magita ni 2. Rekodi hiyo ilifika Kenya na kuvuka hadi Ulaya na Marekani, na wapigaji gita bado hukaa nayo, wakiirudisha nyuma kidogo kidogo ili wajue vidole vinakwenda wapi.

Wimbo uliosafiri bila majina

Je, wajua kwamba mmoja wa nyimbo za Kenya zinazopendwa zaidi na wakusanyaji wa muziki wa asili uliimbwa na wasichana wa Kipsigis? Mwaka 1950 Tracey huyohuyo alirekodi huko Kapkatet, Kericho, nyimbo kadhaa zilizoitwa "Chemirocha". Wasichana walikuwa wamesikia santuri za Mmarekani Jimmie Rodgers, aliyefariki mwaka 1933, na jina lake likageuka kuwa la kiumbe cha ajabu, nusu mtu nusu paa. Ala inayowasindikiza ni chepkong, ala ya nyuzi ya Wakalenjin.

Rekodi hiyo ilihifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, iliyoanzishwa na Tracey mwaka 1954 nchini Afrika Kusini. Zaidi ya miaka 60 baadaye, wahifadhi wake kwa kushirikiana na mradi wa Singing Wells, unaoendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi na Abubilla Music ya London, waliirudisha Kericho ili wenyewe waisikie. Dunia iliwajua wengi wa wale waimbaji kwa kabila lao tu, "wasichana wa Kipsigis". Kila nikiusikia wimbo ule nasikitika, maana kila mmoja wao alikuwa na jina na aliitwa kwalo nyumbani kwao.

Mtunzi analindwa hadi mwaka gani?

Je, wajua kwamba kwa sheria ya Kenya hakimiliki huanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, bila kusubiri cheti? Cheti cha Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husaidia kuthibitisha ukipata mgogoro, lakini haki yenyewe imekwisha kuzaliwa.

Tena wimbo mmoja hubeba haki zaidi ya moja. Mashairi na tuni hulindwa katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Rekodi ya sauti hulindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipofanywa. Chukua mfano. Rekodi ya mwaka 1975 ulinzi wake uliisha mwisho wa 2025. Lakini kama maneno yake ni ya mshairi aliyefariki 2017, kama Sheikh Nabhany, maneno hayo yanalindwa hadi mwisho wa 2067. Anayetaka kuimba upya shairi la Lamu kwenye albamu yake ya kwanza aanze kwa kumtafuta mtunzi au warithi wake. Shairi la karne ya 18 halina kizuizi hicho, lakini heshima ya kumtaja mtunzi ipo palepale.

Simu isogezwe

Je, wajua kwamba hatua yenye manufaa makubwa kuliko kununua maikrofoni mpya ni kuisogeza uliyo nayo? Sauti inayomtoka mwimbaji hushuka kwa desibeli 6 hivi kila umbali unapozidishwa mara 2. Ukiitoa simu sentimita 30 hadi sentimita 60, mwimbaji anafifia, ilhali kelele ya chumba inabaki palepale. Kwa udi, isogeze karibu na tundu lakini usiielekeze moja kwa moja, ili besi isivume.

Rekodi katika faili lisilobanwa kama simu inaruhusu. Kwa kiwango cha CD, dakika moja ya sauti ya njia 2 huchukua megabaiti 10 na nusu hivi, na albamu ya dakika 40 haifiki megabaiti 450. Simu ya kawaida inaibeba albamu hiyo bila shida.

Chumvi, unyevu na maktaba ya Langoni

Je, wajua kwamba hewa ileile ya pwani inayolegeza tari huiua kaseti? Unyevu huotesha ukungu juu ya utepe, na chumvi hula vyuma vya mashine za kuichezea. Mwenye sanduku la kaseti za harusi za wazee wake asingoje. Kila mwaka unaopita mashine nzima hupungua, na mafundi wanaozijua hupungua pia.

Mfano wa jinsi ya kuokoa uko Langoni kwenyewe. Msikiti wa Riyadha una hazina ya miswada ya mkono iliyonakiliwa na kusomwa na vizazi vya wanafunzi. Kupitia Mpango wa Kumbukumbu Zilizo Hatarini wa Maktaba ya Uingereza, miswada hiyo ilipigwa picha za kidijitali, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Msomaji wa leo anaweza kuiona ukurasa kwa ukurasa popote alipo. Mara nyingi mnakili wa zamani aliandika mwishoni jina lake, jina la babake na tarehe aliyomaliza. Kwa mistari ile michache tunajua kitabu ni cha nani, na kilitoka wapi.

Kabla hujamtumia mtu wimbo wa kwanza

Je, wajua kinachoziunganisha habari zote hizi? Santuri ya Bombay, kaseti ya Mombasa, chumba cha New Jersey na gita la Likasi zilikuwa na vifaa tofauti, baadhi vya gharama na vingine vibovu. Nyimbo zilidumu pale mtu mmoja alipojali kurekodi na kuitunza rekodi. Na pale alipoandika majina, wenye nyimbo walidumu pamoja nazo.

Kwa hiyo bendi inayoanza leo Langoni, au Tanga, au Muscat, ifanye hivi kwa kila wimbo. Iandike nani alitunga maneno, nani alitunga tuni, nani aliimba, nani alipiga nini, ilikuwa mtaa gani na tarehe gani. Maelezo hayo yaingizwe ndani ya faili lenyewe na yaandikwe pia kwenye daftari la karatasi. Faili liwe na nakala 2 za ziada, moja katika nyumba nyingine, kwa sababu simu huibiwa na huanguka majini. Mpiga tari aliyealikwa kwa usiku mmoja naye aandikwe. Kazi hii ni ya dakika 5 kwa wimbo, haihitaji umeme wala ruhusa ya mtu, na ndiyo itakayomwezesha mtoto atakayeisikia albamu hiyo mwaka 2080 kusema: huyu anayeimba ni bibi yangu.